Kulenga Shabaha Nyumbani: Maswali ya Wasomaji

Barua za likizo hii ya Agosti zimekuja nyingi kutoka Lamu na Malindi, na karibu zote zina kilio kimoja: watoto wako nyumbani, wanataka kurusha vitu, na nyumba ina vioo, wazee na majirani. Msimamo wetu ni kwamba mtoto anayerusha anazoeza jicho na mkono kufanya kazi pamoja, na ni vibaya kumkataza kabisa. Apewe kitu kinachofaa kurushwa, mahali pa kukirushia na umbali anaoumudu. Tumechagua maswali 7.

MIKEBE NA KELELE

Asalaam aleikum. Kiwanda cha nyumba yetu, yaani ua wa ndani, ni kidogo, mita 3 kwa 4. Wanangu wa miaka 6 na 8 wanapenda kupanga mikebe na kuiangusha kwa mpira, lakini kelele inamwamsha mama mkwe aliyejipumzisha adhuhuri, na mpira ukiruka ukuta tunaufuata uchochoroni kwa watu. Tufanyeje?
Mama wa wawili, Langoni, Lamu

Waalaikum salaam, mama. Kelele kubwa haitoki kwa mpira kugonga mkebe, hutoka kwa mkebe kugonga sakafu. Basi anza na sakafu. Weka stuli pana, panga mikebe juu yake, kisha tandaza godoro kuukuu au blanketi lililokunjwa mara nne mbele, nyuma na pembeni mwa stuli. Usipange mikebe juu ya godoro lenyewe: likibonyea kidogo tu mnara huanguka kabla hajarusha mtu, na hapo ugomvi huanza. Kelele inayobaki ni ya mkebe kwa mkebe. Chukua soksi ndefu za shule zilizotoboka, kata unyayo, na uvishe kila mkebe kipande cha mguu. Kitambaa hicho pia huzuia mikebe kuteleza ovyo, kwa hiyo mnara husimama imara zaidi.

Mikebe 6 inatosha: 3 chini, 2 kati, 1 juu. Ile ya nyanya au maharagwe ya gramu 400 ndiyo saizi nzuri. Ikipangwa hivyo hufika kimo cha sentimita 33 hivi. Iwe ya saizi moja, maana tofauti ya nusu sentimita chini huwa mwinamo juu. Kabla ya yote, shughulikieni midomo yake. Meno ya bati yaliyoachwa na kifungulio yakunjwe kwa ndani kwa koleo, yapigwe msasa, kisha mdomo uzungushiwe tepu mara mbili. Kujua kama kazi imekamilika, pitisha kipande cha pamba kuzunguka mdomo wote kabla ya kutia tepu. Pamba ikinasa nyuzi hata mahali pamoja, pale bado patamkata mtoto.

Mpira uwe wa soksi. Soksi mbili zilizoviringwa huingizwa ndani ya ya tatu, mdomo ukasokotwa, ukageuzwa juu ya mpira na kushonwa. Mpira wa majuala ambao watu wazima wengi waliuchezea umekuwa adimu tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na kwa mchezo huu hatuoni hasara: wa soksi haudundi, haupasui kioo, na ukimpiga mtu hauumizi. Ukiwa mwepesi mno usiangushe mikebe, tia vijiko viwili vikubwa vya mchele katikati ya soksi ya ndani kabisa.

Sasa ukuta. Doti ya kanga ambayo haijakatwa ina urefu wa karibu mita 3. Itungike kwa urefu huo kutoka kamba iliyo mita 2 juu ya sakafu, nusu mita nyuma ya stuli, na mita inayobaki uilaze sakafuni kuelekea kwa mrushaji. Mkiwa na doti mbili, zitungikeni ubavu kwa ubavu zipishane kidogo. Msizifunge chini wala kuzivuta zikakaza. Nguo iliyokazwa huurudisha mpira kwa nguvu ileile, nguo iliyolegea huumeza mwendo wake na mpira huanguka papo hapo juu ya kile kipande kilicholala. Hamtautafuta tena uchochoroni.

Jambo moja la mwisho, na watoto hulipenda: wafundisheni kulenga pale mikebe miwili ya chini inapogusana. Ukipiga wa juu, unaanguka mmoja. Ukipiga maungio ya chini, mnara wote unaporomoka. Wakishaweza kila mara, mkebe wa chini wa katikati utiwe vijiko vitatu vya mchanga na kuzibwa kwa tepu. Wataanza upya kutafuta njia.

MIFUKO YA KUTUPIA

Wanangu, wajukuu nimewashonea vifuko vya mchele vya kutupia kwenye ungo. Baada ya mwezi mmoja vimeingia fukusi. Nikajaza mchanga wa pwani, sasa vinavuja na vina unyevunyevu. Nijaze nini?
Bibi wa Maweni, Malindi

Shikamoo, bibi. Mchele ni mzuri kwa uzito, lakini hewa yetu ya pwani ina unyevu na fukusi wanaupenda. Tena nyumba nyingi hazifurahii chakula kuwa kitu cha kuchezea, na tunakubaliana nazo. Mbegu bora unazo karibu: za mabuyu. Wajukuu wakishamumunya, ziokotwe zote badala ya kutupwa. Zioshwe kwa maji ya vuguvugu mpaka yatoke meupe, kwa sababu rangi na sukari ikibaki itapaka kitambaa na kuita sisimizi. Zianikwe juani kwa siku tatu kamili, zikigeuzwa. Mbegu za ukwaju pia hufaa, nazo hazina nyuzi za kuhangaika nazo.

Kitambaa kiwe kizito, suruali ya jinzi iliyochakaa ni bora kuliko kanga. Kata vipande viwili vya sentimita 12 kwa 12, shona pande zote ukiacha sentimita 1 ya upindo na mwanya wa sentimita 4, geuza, jaza, ziba. Pitisha mshono mara mbili: kifuko hakipasuki katikati, hupasuka pembeni kinapotua. Hapo utapata kifuko cha sentimita 10. Kisijae. Kiasi chake ni nusu kikombe cha chai, yaani theluthi mbili ya nafasi. Kilichojaa hukaza kikawa kama mpira, kikatua na kuviringika nje ya ungo. Chenye nafasi hujilaza kinapoangukia. Kama wajukuu wanalenga vizuri na bado vifuko vinatoka nje, tatizo ni ujazo, si mikono yao.

Mchanga hauna ubaya, ila wa pwani una chumvi, na chumvi hunyonya unyevu wa hewa. Uoshwe kwa maji baridi mara tatu, ukaushwe juani siku mbili, uchekechwe, kisha utiwe kwanza kwenye soksi iliyofungwa fundo ndipo iingie kwenye kifuko. Kumbuka mchanga ni mzito: kifuko cha saizi hiyo hiyo hufika gramu 200, kizito zaidi kuliko cha mbegu. Kwa mtoto wa miaka 4 ni mno, mkono utachoka na lengo litapotea. Kishone cha sentimita 8.

Na tafadhali bibi, mbegu mbili zisiingie humo kwa hali yoyote: za mbarika, na zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto huziokota vichakani kwa uzuri wake. Zote zina sumu kali zikitafunwa, na kifuko siku moja hupasuka.

PETE NA UPEPO

Tuko Shela. Ufukwe upo hatua chache, lakini pete za kutupia kwenye chupa zinapeperushwa na kusi. Nilizikata kwenye vifuniko vya ndoo. Chupa nazo zinaanguka zenyewe.
Baba Fatma, Shela, Lamu

Pete ya kifuniko ni pana, nyembamba na nyepesi, kwa hiyo upepo hupata pa kuishikia. Tengeneza za mviringo mnene. Kamba ya makumbi yenye unene wa kidole, kata sentimita 65, pishanisha ncha kwa sentimita 5 na uzifunge kwa uzi wa nyavu. Mzingo wa sentimita 60 hukupa pete ya kipenyo cha sentimita 19, ambayo ni rahisi kwa mtoto wa miaka 5 kwenye chupa ya nusu lita. Kwa wakubwa kata 50, upate pete ya sentimita 14. Izungushie ukanda wa kitambaa, maana makumbi huchoma viganja. Ukikosa kamba, magazeti yaliyoviringwa kuwa mrija mnene, mmoja ukachomekwa ndani ya mwingine, hufanya kazi vilevile mradi yafungwe kitambaa na yasilowe.

Chupa zijazwe mchanga mbichi hadi nusu na zizikwe sentimita 5. Uzito ukikaa chini chupa haitikisiki kwa upepo. Usitumie vijiti vilivyochomekwa mchangani. Mtoto akikimbilia pete akajikwaa, kijiti kilichosimama kinaweza kumwingia jichoni.

Kisha panga uwanja kwa upepo. Mrushaji asimame upepo ukimpiga mgongoni au usoni, kamwe si ubavuni. Wa mgongoni huongeza mwendo na wa usoni hupunguza, na mtoto hujirekebisha baada ya kurusha mara chache. Wa ubavuni hubadilika kila mara, na hauna somo lolote zaidi ya kumkatisha tamaa. Asubuhi mapema ni shwari kuliko alasiri. Chezeni maji yakiwa yamepwa, kwenye mchanga mgumu wenye unyevu. Na kwa kuwa kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, saa nzuri ya leo si ya wiki ijayo. Chupa zihesabiwe mnapofika na mnapoondoka.

Kama ufukweni mtaokota champali (kandambili) zilizoletwa na maji, msiziache. Lamu ndiko kilikojengwa chombo cha Flipflopi, kilichoshushwa majini mwaka 2018, kwa plastiki na champali za aina hiyo. Kwenu nyumbani, zioshani na mzikate ziwe visahani vya kurusha, vya kipenyo cha sentimita 8 kwa kisu kikali, kazi ya mtu mzima. Havipigi kelele na haviumizi, hata kwenye nyumba ya ghorofa.

UMBALI GANI?

Watoto wangu ni wa miaka 4, 7 na 11. Kila tukicheza, mdogo analia na mkubwa anachoka. Wasimame mbali kiasi gani?
Mama Salim, Muyeye, Malindi

Kila mmoja na mstari wake, mama. Anza na mita 1 kwa wa miaka 4, mita 2 kwa wa 7, mita 3 na nusu kwa wa 11, kisha tazama mirusho 10 ya mwanzo. Kipimo chetu ni nusu: apate kama 5, akose kama 5. Akipata 8, arudi nyuma hatua moja. Akipata 2, asogee mbele, na asogee bila maneno ya kumwonea huruma. Mirusho yote ikipata, mtoto hajifunzi kitu; yote ikikosa, haoni alichofanya tofauti.

Tazama pia miguu. Anayerusha kwa mkono wa kulia atangulize mguu wa kushoto. Watoto wengi hutanguliza wa kulia na mwili unajifunga. Kifuko kirushwe kutoka chini, mkono ukipita kando ya goti. Kikienda juu sana, amekiachilia kwa kuchelewa. Kikianguka karibu, amewahi. Kwa mpira unaorushwa kutoka juu ya bega ni kinyume chake: ukipaa amewahi, ukigonga ardhi amechelewa.

ANATAKA PANDA

Mwanangu wa miaka 9 ameniomba nimtengenezee panda, yaani manati, ya mpira wa tubu la baiskeli. Sisi sote tulikuwa nazo. Nimpe?
Mzazi, Barani, Malindi

Kwa jibu la wazi, hapana, si ya kurushia mawe. Mpira wa tubu huhifadhi nguvu nyingi kuliko mkono wa mtoto huyo ungeweza kutoa, na jiwe linalotoka hapo hupofua jicho la mtu, la mbuzi au la punda bila tofauti. Ndege nao huwa shabaha ya kwanza, na Malindi mko jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke wenye ndege wasiopatikana kwingi duniani.

Lakini anachokitaka ni raha ya kuvuta, kulenga na kuachilia, na hiyo mnaweza kumpa. Chukueni mabomba mawili ya karatasi ya chooni. Moja likatwe kwa urefu, libanwe kidogo na kuingizwa ndani ya jingine, kwani bomba moja peke yake hukunjamana likibanwa na puto. Puto lifungwe fundo bila kupulizwa, likatwe sentimita 2 kutoka upande wa pili wa fundo, na mdomo huo uvutwe juu ya bomba uingie angalau sentimita 2. Zungusha tepu mara mbili pale puto lilipoishia. Bila tepu hiyo litachomoka kwenye mvuto wa tatu au wa nne. Risasi ni karatasi iliyofinyangwa ikawa donge la sentimita 3. Idondoshwe ndani, fundo livutwe nyuma, liachiliwe. Inafika mita 3 hadi 4.

Donge likikwama, ni kubwa. Likianguka karibu na miguu, ni jepesi au halikukaa juu ya puto. Puto hufa haraka kwa jua na joto, liangalieni kila siku na mlibadilishe linapoanza kuwa na nyufa. Vipande vya puto vitupwe mara moja kama kuna mtoto mdogo nyumbani, maana humpalia. Kwa jumla, kitu chochote kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni kisiwe mikononi mwa mtoto wa chini ya miaka 3. Kanuni ya panda hii ni mbili tu: haielekezwi kwa chenye uhai, na haijazwi kitu kingine ila karatasi. Ikivunjwa moja, inakaa juu ya kabati hadi kesho yake.

DARASA LA WATOTO 36

Nafundisha chekechea. Nina watoto 36 na sina bajeti. Pia, nikichora duara tatu za shabaha, wanaorusha ovyo wanapata alama sawa na wanaolenga.
Mwalimu, Matondoni, Lamu

Mwalimu, gawa vituo 6 vya watoto 6. Wawili warushe, wawili wahesabu, wawili waokote, kisha wabadilishane. Anayesubiri kwenye foleni ya watu 20 ndiye anayeanza fujo. Kanuni iwe moja kwa vituo vyote: hakuna anayeokota mpaka wewe upige makofi na kila mkono uwe mtupu.

Trei ya mayai 30 ni kituo tayari, ina mistari 6 ya vishimo 5. Paka kila mstari rangi yake na uupe thamani ya 1 hadi 6, wa mbali ndio wenye nyingi. Watoto watatupia vifuniko vya soda na wenyewe wajumlishe. Vifuniko vitadunda na kutoka. Tia kijiko cha mchanga mkavu katika kila kishimo na vitatulia.

Kuhusu alama, kosa liko kwenye eneo. Duara zako zikiwa na nusu kipenyo cha sentimita 20, 40 na 60, ukanda wa pili una eneo mara 3 ya duara la kati, na ukanda wa nje mara 5. Anayerusha ovyo huangukia nje kwa sababu nje ni kukubwa, na ukitoa alama 3, 2, 1 anafidiwa kupita kiasi. Toa 10, 3 na 2. Mchangani chora duara hizo kwa kijiti na kamba yenye mafundo kila sentimita 20. Ukutani usichore kwa makaa, hayatoki kwenye chokaa.

Zawadi itoke kwako, hata ikiwa ni komamanga moja la kugawana. Watoto wasiweke gololi wala shilingi zao ili mmoja azichukue zote. Wazazi watauona mchezo huo ni kamari, nao watakuwa na haki.

HAONI VIZURI

Binti yangu wa miaka 8 ana uoni hafifu. Nduguze wakilenga yeye huketi barazani. Kuna namna ya kumshirikisha?
Mama, Mkomani, Lamu

Ipo, mama, na nduguze wataipenda pia. Mpe shabaha inayosikika. Tungika mifuniko mitatu ya sufuria, mkubwa, wa kati na mdogo, kwenye kamba ya nguo, ikiachana nusu mita. Kila mmoja una mlio wake, na baada ya siku chache atajua ameupiga upi bila kuambiwa. Kabla hajarusha, ndugu mmoja agonge mfuniko unaolengwa kwa kijiko mara mbili na asogee kando. Akikosa aambiwe neno lenye kipimo, "kulia kwa kiganja kimoja" au "chini kidogo", "karibu!" haimsaidii kitu.

Mstari wa kusimamia uwe kamba nyembamba chini ya mkeka, aupate kwa nyayo. Kama anaona mwanga na rangi, tungika nyuma ya mifuniko nguo nyeusi, au kwa mifuniko meusi ya moshi nguo nyeupe, na jua liwe mgongoni kwake. Uzi wa kila mfuniko uwe mfupi, sentimita 15, kwa sababu ukiwa mrefu mfuniko huyumba na kuendelea kulia, na atakayerusha baada yake hatasikia pa kulenga.